Ndiyo ya Baba

Asubuhi ile ya Jumamosi nilikuwa mezani, kwenye chumba nilichopanga karibu na shule, nasahihisha mtihani wa kidato cha pili. Swali la nne liliwataka wanafunzi wageuze sentensi za taarifa ziwe za kuuliza. Wengi walikuwa wamebandika "je" mwanzoni mwa kila sentensi, wakaweka alama ya kuuliza mwishoni, wakaridhika. Mimi nilikuwa nawapa nusu alama, kwa sababu darasani nilishawaambia mara nyingi kwamba Kiswahili hakilazimiki kutumia "je". Maneno yanaweza kubaki yale yale na sauti peke yake ikayafanya swali. Mama amerudi. Mama amerudi? Nilikuwa nayatamka yote mawili mbele ya darasa, na wao wanacheka jinsi ninavyoinua nyusi.

Simu ikaita. Alikuwa mama mdogo, mke wa mdogo wake baba.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Njoo nyumbani. Baba yako ameanguka, mdomo umekwenda upande. Na mama yako hatumwoni."

"Hamumwoni vipi?"

"Walitoka wote alfajiri kwenda shamba. Amerudi mmoja."

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Kwetu ni upande wa Vuga, juu kabisa mgongoni mwa mlima, na barabara ya kufika huko ikilowa huwa kama imepakwa mafuta. Dereva wa bodaboda aliniteremsha mara mbili nitembee kwa miguu wakati yeye anasukuma. Njia nzima nilikuwa nampigia mama, na kila mara naambiwa namba haipatikani. Hilo halikunipa jibu lolote, kwa sababu mashamba yetu yote matatu hayana mtandao.

Ilikuwa yapata saa nne na robo nilipofika. Baba walikuwa wamemlaza barazani juu ya godoro, wamemfunika kitenge cha mama. Nusu ya uso wake ilikuwa imelegea, na mkono wa kulia umelala pembeni kama kitu alichoazimwa. Lakini macho yalikuwa yake. Yalinifuata tangu naingia uani.

Nikapiga magoti. "Baba, shikamoo."

"Ndiyo," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Katika nyumba yetu hakuna shikamoo iliyowahi kukosa marahaba. Hata mwaka alipougua malaria akawa anaweweseka, tulimwamkia akaitikia. Nikarudia.

"Shikamoo, baba."

"Ndiyo. Ndiyo."

Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu na bakuli la uji lililopoa. Akanieleza yaliyotokea. Jirani yetu mmoja, mzee anayefuga ng'ombe wa maziwa, alikuwa anatoka kukata majani akamkuta baba ameketi matopeni pale njia zinapogawanyika, chini ya kanisa. Hana jembe, hana kofia. Akambeba mgongoni mpaka nyumbani, naye bado alikuwa ameketi pale uani.

Njia panda hiyo ndiyo iliyokuwa tatizo lenyewe. Ya kushoto inashuka bondeni, kwenye bustani yetu ya kabichi na karoti kando ya kijito. Ya katikati inapanda shamba la juu, karibu na mpaka wa msitu, tunapolima mahindi na maharage. Ya kulia inazunguka kwenda ng'ambo, kwenye migomba ya babu. Kila shamba ni mwendo wa karibu saa nzima, na ukikosea moja unarudi pale pale kuanza upya. Matope ya baba yalikuwa mekundu, na huku kwetu matope yote ni mekundu.

"Baba mdogo yuko wapi?"

"Ametoka sasa hivi na karibu wanaume wote wa hapa. Wamekwenda shamba la juu. Alimuuliza baba yako, naye akamjibu."

"Alimuuliza vipi?"

Mama mdogo akanitazama kana kwamba nimeanza kumsahihisha mtu daftari wakati nyumba inaungua. "Alimuuliza kama watu wanavyouliza. Alisema, 'Kaka, leo hamkwenda bondeni, sivyo?' Baba yako akasema ndiyo. Akamwambia, 'Mlikuwa shamba la juu?' Akasema ndiyo. Basi wakachukua majembe na kamba wakaondoka."

Mtu mzima akiulizwa "hamkwenda?" akajibu "ndiyo", maana yake ni kwamba kweli hawakwenda. Hivyo ndivyo lugha yetu inavyokubali. Baba mdogo hakukosea kusikia. Tena alikuwa na akili ya kutosha kuamini kwamba siku kama ile hakuna ambaye angeshuka bondeni, ambako kijito kilikuwa kimejaa. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kumwamkia baba mara mbili, naye mara mbili akaniambia ndiyo.

Nikashika uso wake. "Baba, mimi ndiye kifungua mimba wako?"

"Ndiyo."

Mimi ni wa tatu.

"Baba, mimi ni mwanamume?"

"Ndiyo," akamwambia binti yake, na papo hapo jicho lake la kushoto likajaa machozi. Akajaribu tena, akakaza shingo, midomo ikahangaika. Likatoka neno lile lile. Hapo nikaelewa mambo mawili kwa pamoja. Baba alikuwa anaelewa kila tunachosema. Na kinywani mwake lilikuwa limebaki neno moja tu, ambalo lilikuwa linatoka hata pale alipotaka kusema hapana.

Nje ya ua lilikuwa linanguruma gari la kubebea mboga. Dereva wake alikuwa amekubali kumpeleka baba hospitali Lushoto. Akaingia uani, kofia mkononi.

"Mwalimu, pole. Lakini twende. Kona ile ya chini udongo umeshaanza kushuka. Ikiziba, hatutoki leo."

"Nipe dakika moja."

Nikachukua mkono wa kushoto wa baba, ule mzima, nikauweka ndani ya wangu. "Baba, usiseme kitu. Acha kusema kabisa. Nikikuuliza, kama ni kweli, nibane. Kama si kweli, uache mkono ulale. Umenielewa?"

Akanibana.

"Mimi ni mwanao?"

Akanibana.

"Mimi ni mwanamume?"

Mkono ukalala. Nikarudia kwa kumtaja mama mdogo, kisha jirani, kisha rangi ya mlango wetu. Kila jibu lilikuwa sahihi. Mama mdogo akaweka bakuli chini.

Halafu nikauliza swali lenyewe, na sauti ikanisaliti. Nilitaka kuuliza kama mama yuko bondeni. Maneno yakatoka yamelala, bila kupanda popote: "Mama yuko bondeni."

Baba alinibana kwa nguvu sana, macho yametoka. Nami sikujua ameniambia nini. Huenda amekubali. Huenda amedhani mimi ndiye ninayempa habari, kwamba mama amekutwa bondeni, na huko kubana ni mshtuko wa mtu aliyepewa taarifa. Mwalimu wa Kiswahili, miaka kumi na moja kazini, nilishindwa kuuliza.

"Muulize kwa Kishambaa," mama mdogo akaninong'oneza. "Hicho Kiswahili chako cha shule kinamchosha."

Nikamuuliza kwa Kishambaa, lugha aliyonilea nayo, polepole, kipande kimoja kimoja. Mama alikwenda shamba la juu? Mkono ukalala. Alikwenda ng'ambo? Ukalala. Alikwenda bondeni? Akabana. Nikageuza mpangilio, nikaanza na bondeni, nikamalizia na shamba la juu. Majibu yakawa yale yale. Ameumia? Akabana. Ameanguka majini? Ukalala. Udongo umemwangukia? Akabana na hakuachia tena, mpaka nikalazimika kumfungua vidole ili niulize lingine.

Dereva akapiga honi.

"Unamchosha mgonjwa," akasema mwanamke mmoja jirani, si kwa ubaya. "Mwacheni aende akatibiwe."

Nilijua. Nilikuwa nimemshikilia pale kama robo saa, labda zaidi, na kila dakika ilikuwa inakatwa kwake. Lilikuwa limebaki swali moja ambalo kila mtu aliyekuwa uani alikuwa anangoja nilitamke. Sikulitamka. Lilikuwa swali la maneno matatu, na jibu lake lilikuwa la kubana au kulala. Nilijiambia kwamba halibadilishi kitu, kwamba kwa vyovyote watu lazima washuke. Hiyo ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba niliogopa mkono ule ulale.

Nikamgeukia jirani mwenye ng'ombe. "Mzee, naomba mshuke bondeni. Sasa hivi. Nenda na yeyote aliyepo, na mtu mwingine awafuate wale wa juu awaambie warudi."

"Mdogo wake kasema shamba la juu," akasema mzee.

"Najua."

"Una hakika, mwalimu?"

Hilo nalo ni swali ambalo jibu lake ni moja kati ya mawili. "Ninayo," nikamwambia, nami sikuwa nayo.

Mama mdogo hakuondoka mara moja. Kushuka bondeni kulikuwa kusema mbele ya majirani kwamba mumewe amekosea. Alisimama akijifunga na kujifungua kanga kiunoni. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na majembe mawili, akampa mzee moja. Wanawake watatu wakawafuata. Nikawaona wanapotelea kwenye ukungu chini ya kanisa, nami nikapanda nyuma ya gari, nikaketi chini ya turubai karibu na kichwa cha baba.

Safari ile ndiyo ninayoiota mpaka leo. Baba alikuwa ameshika mkono wangu, na nilianza kugundua kwamba gari likiingia kwenye shimo, ananibana. Likiinama kwenye kona, ananibana. Nikajiuliza kama yale majibu yote ya barazani yalikuwa majibu kweli, au yalikuwa ni misuli tu ya mgonjwa, nami nimeipa maana kwa sababu nilitaka iwe nayo. Kama ni hivyo, basi nimempeleka mzee wa watu, mama mdogo na wanawake watatu kwenye bonde linaloporomoka, wakati mama anakufa kwingine. Nikajaribu kumpima tena. "Baba, mimi ni mwanamume?" Gari likaruka, mkono ukanibana. Nikaacha kuuliza.

Kwenye kona ya chini udongo ulikuwa umekula nusu ya barabara. Dereva alizima redio, akapita polepole, matairi ya kushoto yakitembea juu ya matawi ya mikaratusi aliyokuwa ameyatandika asubuhi.

Hospitali walitupokea haraka. Daktari alikuwa kijana kunizidi, mpole, lafudhi yake ya bara. Aliuliza maswali yake kwa mpangilio mzuri kuliko yangu. Ilianza saa ngapi? Nani alimwona kwanza? Ana shinikizo la damu? Anatumia dawa gani? Niliyajibu yote. Kisha akatazama saa ya ukutani, akahesabu, akasema:

"Mbona mmechelewa kumleta?"

Angeweza kusema "kwa nini". "Kwa nini" inataka sababu. "Mbona" inakuja na lawama mfukoni, hata kama anayeitumia hakukusudia. Nilitaka kumweleza juu ya njia panda, na majibu ya mkononi, na wanaume walioelekea kusiko. Nikasema, "Barabara, daktari." Akaandika.

Nilikaa kwenye benchi la nje. Saa saba simu ikaita, ikakatika. Ikaita tena. Ilikuwa namba ya yule mzee mwenye ng'ombe, na nilijua amepanda mpaka kwenye jiwe la juu ya bonde ndipo apate mtandao.

"Mwalimu, tumempata."

Ikakatika.

Nilipiga mara nne. Mara ya tano akapokea. Nikauliza swali ambalo sikumuuliza baba, na safari hii sauti ilipanda juu mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakageuka.

"Mama yuko hai?"

"Eeh, yuko hai. Mguu umebanwa na gogo, udongo umemfunika mpaka hapa... mpaka tumboni. Tunachimba. Mdogo wake baba amefika na wale wa juu. Yuko hai, anatugombeza tusimkate na majembe."

Nilikaa chini sakafuni. Muuguzi mmoja akaniletea maji, akaniuliza nimefiwa na nani.

Mama aliletwa jioni ile ile kwa machela ya miti mpaka barabarani, kisha kwa gari. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Alipopata nguvu akanisimulia. Walikuwa wameshuka kufungua mfereji ili maji yasisombe kabichi. Ukingo wa juu ukaachia, ukaja na mgomba na gogo, ukambana. Baba alichimba mpaka mpini wa jembe ukavunjika. Mama akamwambia aende akaite watu, atembee tu, asikimbie, kwa sababu alikuwa anahema vibaya.

"Akakimbia," mama akasema. "Nilimwona anapanda kile kilima kama mtoto wa shule. Nikamwita nimwambie apunguze, hakugeuka."

Baba aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya hapo. Alijifunza kutembea kwa fimbo, naye mama kwa fimbo yake, na walikuwa wakienda kanisani Jumapili sambamba, kila mmoja akichechemea upande wake. Maneno hayakurudi. Daktari alituambia muda ni kitu kikubwa katika ugonjwa ule, akasema hakuna anayeweza kujua ingekuwaje tungewahi. Alisema hivyo kwa wema. Mimi nilibaki na ile robo saa.

Nikija nyumbani mwisho wa wiki, nilikuwa nazungumza na baba kwa mkono. Utakula ugali? Umeumwa usiku? Nifunge dirisha? Nilikuwa mwepesi, nikajivunia. Mama hakutaka njia hiyo. Alikuwa anamuuliza, "Leo utakula nini?" kisha anakaa na kumtazama. Baba anahangaika, anasema ndiyo, anatikisa kichwa, anasema ndiyo nyingine, anaelekeza kwa fimbo. Wakati mwingine ilichukua muda wa chungu kuchemka.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. "Mama, unamtesa. Muulize kitu anachoweza kujibu."

Mama alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. "Wewe unamchagulia mawili, halafu unamwambia achague. Huyu nimekaa naye miaka arobaini. Sijawahi kumchagulia chakula."

"Lakini anashindwa, mama."

"Anachelewa," akasema mama.

Tuligombana siku ile, kwa sauti ya chini ili asisikie, na bila shaka alisikia. Mimi nikaendelea na mkono wangu, mama akaendelea na subira yake. Baba alitujibu sote wawili.

Alifariki msimu wa kuvuna maharage. Baada ya mazishi, watu walipopungua, nilikuwa jikoni nasugua sufuria za kuazima. Baba mdogo akaingia. Tangu siku ile ya mvua alikuwa hajawahi kuzungumza nami juu yake. Alikuwa ndiye aliyechimba kwa mikono alipofika bondeni, mpaka kucha mbili zikatoka, mama aliniambia. Alisimama karibu na mafiga, akatazama majivu.

"Mwalimu," akasema. Siku zote aliniita mwanangu. "Siku ile, nilipomuuliza kaka. Unadhani alinielewa?"

Nilifikiri kumwambia hapana, kwamba akili yake ilikuwa imevurugika, kwamba angejibu hivyo hivyo hata angeulizwa na nani. Lingekuwa jibu jepesi kwetu sote. Lakini nilikuwa nimeliona lile jicho la kushoto.

"Alikuelewa, baba mdogo. Alitaka kukukatalia. Neno ndilo lililokosekana."

Akatikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayepokea mzigo kichwani na kuuweka sawa. Sikujua kama nimempunguzia au nimemwongezea, na sikumuuliza. Alichukua ndoo mbili tupu zilizokuwa mlangoni, akashuka nazo kisimani.